Kipimo cha Maji Nyumbani: Usinunue Namba, Nunua Jibu

Wiki hii tunaongea maji, tena sio yale ya "chemsheni maji" mliyozoea kuambiwa kliniki. Tunaongea vipimo vya maji, hivi vinavyouzwa kila kona ya mtandao. Nimeigawa mada sehemu saba. Zisome zote, usiishie ya kwanza ukakimbilia dukani.

SEHEMU YA 1: Swali ninaloulizwa

Swali linakuja kwa sura nyingi. Mama wa hapa Nkunga mwenye simtanki la kukinga mvua anauliza, "Nesi, ninunue kipimo gani nijue kama maji yangu ni salama?" Dada aliyeolewa Mbeya mjini kawanunulia watoto bwawa la plastiki la kujaza upepo, anauliza vilevile. Ndugu yetu aliyejenga akaweka na bwawa la kuogelea nyuma ya nyumba, naye ameona boksi la vipimo mtandaoni, anataka kujua kama linafaa pia kupimia maji ya kunywa. Hapo ukienda kwa muuzaji, kila mmoja atakwambia chake ndicho bora.

Mimi ni muuguzi, siuzi kipimo chochote na sina asilimia kwa muuzaji yeyote. Msimamo wangu nausema mapema ili usinitafute mwishoni: kwa familia nyingi za kwetu, kipimo chenye maana kununua ni kile kinachopima klorini huru kwenye maji. Kile cha kalamu chenye kioo cha namba, kinachoitwa TDS, kwa kulinda tumbo la mtoto hakikusaidii. Na kama hutibu maji yako kabisa, kwa kuchemsha au kwa dawa, basi kipimo cha kwanza cha kununua hakipo. Nunua kwanza kuni, gesi au vidonge vya kutibu maji.

Najua wapo watakaokasirika kwa sababu kalamu wanayo tayari kabatini. Tulieni, niwaeleze.

SEHEMU YA 2: Ile kalamu inapima nini hasa?

TDS ni jumla ya chumvi na madini yaliyoyeyuka kwenye maji. Ile kalamu haioni chumvi moja moja. Inapitisha umeme kidogo kwenye maji, na maji yenye chumvi nyingi hupitisha umeme vizuri, basi inabadilisha hiyo hali kuwa namba. Hiyo ndiyo kazi yake yote.

Sasa kinachomharisha mtoto wako ni nini? Ni bakteria, virusi na vijidudu vingine vinavyotoka kwenye kinyesi cha mtu au mnyama. Gramu moja tu ya kinyesi inaweza kubeba mamilioni ya bakteria. Ukiidondosha kwenye pipa la maji, kalamu haitashtuka. Itakuonyesha namba ileile ya asubuhi.

Na hapa kwetu Rungwe kalamu inadanganya zaidi kuliko sehemu nyingine. Sisi ni watu wa mvua. Mvua yetu inaweza kuzidi milimita 2,000 kwa mwaka, na maji mengi tunayotumia ni ya mvua au ya chemchemi zinazotoka milimani. Maji ya namna hiyo mara nyingi yana chumvi kidogo. Kwa hiyo ukichovya kalamu inakupa namba ndogo, muuzaji anatabasamu, anakwambia, "Umeona? Maji yako safi kabisa." Kumbe juu ya hiyo chemchemi kuna banda la ng'ombe wa maziwa, na juu ya banda kuna choo cha shimo.

Geuza upande wa pili uone. Mtoto akiharisha, tunampa ORS. Pakiti ya lita moja ya ORS ya sasa, kwa fomula ya Shirika la Afya Duniani, ina gramu 20.5 za unga, na humo karibu gramu 7 ni chumvi za aina mbalimbali, inayobaki ni sukari ya glukosi. Chovya kalamu kwenye ORS uone namba itakavyoruka. Kwa kipimo hicho, ORS ni maji mabaya kupindukia. Lakini ni hiyohiyo ORS inayowaokoa watoto wetu wodini. Kipimo kinachosifu maji yenye kinyesi na kulaumu ORS kina faida gani kwa mama?

Simaanishi kalamu haina kazi popote. Shirika la Afya Duniani linasema maji yenye TDS chini ya miligramu 600 kwa lita kwa kawaida yana ladha nzuri, na yakizidi 1,000 ladha inaanza kuwa mbaya. Umeona neno hapo? Ladha. Mwenye kisima chenye maji ya chumvi anaweza kuitumia, na fundi wa mtambo wa kuchuja maji anaihitaji kazini. Mama wa Nkunga anayetaka mtoto asiharishe haimhusu.

SEHEMU YA 3: Mchezo wa maji kugeuka kahawia

Kuna mchezo mwingine nataka uujue, maana unafanyika hadi kwenye semina za akina mama. Muuzaji wa mashine za kuchuja maji anakuja na glasi mbili. Moja ina maji yako ya bomba, nyingine ina maji ya mashine yake. Anaingiza vyuma vya umeme kwenye kila glasi, anawasha. Baada ya dakika chache maji yako yanageuka kahawia, yanatoa uchafu kama tope. Yake yanabaki meupe. Watu wanashika vichwa, "Yesu wangu, ndio tunayokunywa haya?"

Mama, lile tope limetoka kwenye vile vyuma. Maji yako yana madini kidogo, kwa hiyo yanapitisha umeme, na umeme unakimega chuma na kukigeuza kutu. Maji yaliyochujwa mpaka yakabaki bila madini hayapitishi umeme vizuri, ndiyo maana hayabadiliki. Hakuna kijidudu kilichopimwa pale.

Siku nyingine ukikutana na mchezo huo, omba jambo moja kwa heshima kabisa: "Kaka, naomba tia chumvi kidogo ya mezani kwenye glasi yako, halafu uwashe tena." Utaona maji yake nayo yanachafuka. Akikataa, umeshapata jibu.

SEHEMU YA 4: Kipimo ninachokupendekezea

Tuje kwenye klorini. Klorini ndiyo dawa iliyomo kwenye vidonge na vimiminika vya kutibu maji kama WaterGuard na Aquatabs, na ndiyo inayotiwa kwenye maji ya mradi yakitibiwa. Ukiitia kwenye maji, sehemu yake inatumika kupambana na uchafu na vijidudu. Inayobaki bila kutumika tunaiita klorini huru, wengine wanaita klorini baki. Hiyo ndiyo mlinzi wa zamu. Mtoto akichovya kikombe kichafu kwenye ndoo, hiyo klorini iliyobaki ndiyo inayopambana.

Kwa hiyo kipimo cha klorini huru kinajibu swali ambalo mama anahitaji kujibiwa: dawa niliyotia imetosha, na bado ipo? Namba zake za kukumbuka ni chache:

- Nusu saa baada ya kutia dawa, klorini huru isizidi miligramu 2 kwa lita.
- Baada ya saa 24, maji yakiwa bado kwenye ndoo au dumu lenye mfuniko, isiwe chini ya 0.2.
- Maji ya bomba lililotibiwa, yakifika kwako, yawe na angalau 0.2.

Ukikuta sifuri kwenye ndoo uliyotia dawa jana, maana yake ni kwamba dawa ilikuwa ndogo, au imeisha muda, au maji yalikuwa machafu yakaila dawa yote. Unajua la kufanya. Hilo ndilo ninaloliita jibu.

Na ukikuta sifuri kwenye maji ambayo hukuyatia chochote, usishangae wala usitangaze kijiji kizima kuwa maji ni sumu. Maji ya chemchemi hayana klorini kwa asili. Kipimo kinakwambia tu kwamba hayana mlinzi.

Sasa, ukifika dukani utakuta aina tatu.

Aina ya kwanza ni karatasi za kuchovya. Ni rahisi na haraka, unachovya, unalinganisha rangi na chati iliyo kwenye kopo. Ubaya wake kwa kwetu ni unyevu. Tukuyu hii ya mvua na ukungu, ukifungua kopo kwa vidole vyenye maji au ukaliacha wazi jikoni, karatasi zinaharibika. Nyingi pia zimetengenezwa kwa ajili ya mabwawa ya kuogelea, hatua ya kwanza ya rangi inaanzia juu, hivyo ile 0.2 unayoitafuta huioni. Kabla hujalipa, soma chati: ina hatua ngapi kati ya 0 na 1? Kama inaruka kutoka 0 hadi 1, kwa maji ya kunywa haikufai.

Aina ya pili ni ya matone yanayogeuza maji kuwa ya njano. Hiyo ni ya zamani, inaitwa OTO. Bei yake huwa ya chini na muuzaji ataisifia. Shida yake inaonyesha klorini yote kwa jumla, iliyo huru na iliyokwisha kutumika, huwezi kutenganisha. Na ile dawa yake si ya kuzoea kushikashika, hasa nyumba yenye mtoto anayetambaa. Mimi siipendekezi.

Aina ya tatu ni ya vidonge au matone yanayogeuza maji kuwa ya waridi. Hiyo inaitwa DPD. Maji yakiwa na klorini huru yanageuka waridi, na waridi ikikolea klorini ni nyingi. Unalinganisha na rangi zilizo kwenye kiboksi chenyewe. Hiki ndicho kipimo ambacho watu wa maji wanatumia wakienda kukagua bomba, na ndicho ninachokupendekezea. Chagua chenye chati inayoanzia 0.1 au 0.2.

Mambo matano ya kuzingatia ukishakinunua:

1. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi ya vidonge, sio ya boksi tu. Dawa iliyoisha inakupa rangi ya uongo.
2. Soma rangi kwenye mwanga wa mchana na ndani ya muda ulioandikwa kwenye maelezo. Ukiacha maji robo saa yakiendelea kubadilika, unasoma kitu kingine.
3. Kikombe cha kipimo kisioshwe kwa sabuni yenye dawa ya kung'arisha. Suuza kwa maji yaleyale unayotaka kupima.
4. Ukiona waridi imetokea ghafla halafu imepotea ikawa nyeupe, usiandike sifuri. Klorini ikizidi sana inaifuta rangi. Changanya sehemu moja ya maji hayo na sehemu tisa za maji yasiyo na klorini, pima tena, kisha zidisha jibu mara 10.
5. Maji uliyopimia yamwage. Hayanywewi, hata na kuku. Na boksi lote likae juu, mbali na watoto.

SEHEMU YA 5: Wenye bwawa la kuogelea, msijifiche

Najua wengine mlikuwa mnasubiri hapa. Kipimo cha DPD cha boksi la bwawa kinaweza kukufaa kwa vyote viwili, ilimradi rangi zake zianzie chini kama nilivyosema. Ila namba za bwawa ni tofauti na za ndoo ya kunywa.

Bwawa la kuogelea linataka klorini huru isiyopungua miligramu 1 kwa lita, na kama dawa unayotumia ni ile yenye kinga ya jua, isipungue 2. Halafu kuna pH, yaani ule uchachu wa maji, iwe kati ya 7.0 na 7.8. Usiidharau pH. Ikipanda ikapita 8, klorini ipo lakini nguvu yake imeshuka sana, ni kama askari aliyelala lindoni. Kwa hiyo boksi la bwawa lisilopima vyote viwili, klorini na pH, liache dukani.

Kwa bwawa, tafuta pia DPD yenye kidonge cha pili kinachopima klorini ya jumla. Nitakwambia kwa nini. Watoto wakitoka kwenye bwawa macho mekundu, na bwawa linanuka ile harufu kali, watu wanasema, "Wameweka dawa nyingi." Mara nyingi ni kinyume chake. Ile harufu inatokana na klorini iliyoungana na mkojo, jasho na uchafu wa miili. Klorini hiyo imeshachoka. Ukipima ya jumla ukakuta ni kubwa na ya huru ni ndogo, umegundua kwamba waogaji wanakojoa ndani na dawa haitoshi. Bwawa lililotunzwa vizuri halinuki vile.

Na hata namba zikiwa nzuri, mtoto anayeharisha haingii bwawani. Kwa klorini ya 1 na pH ya 7.5, bakteria wengi wa kuharisha wanakufa ndani ya dakika moja. Lakini kuna kijidudu kinaitwa kriptosporidia kinachoweza kuishi kwenye maji hayohayo zaidi ya siku 10. Hakuna kipimo cha nyumbani kitakachokuonyesha kijidudu hicho. Kinachomzuia ni wewe kumwacha mtoto nyumbani mpaka apone, na kumpeleka chooni kila baada ya muda wakati wa kuogelea.

Lile bwawa la plastiki la kujaza upepo halihitaji kipimo. Mwaga maji yote watoto wakimaliza, lisafishe, lianike. Usiyahifadhi ya jana kwa kuonea huruma maji. Na usiondoke hapo hata dakika moja. Mtoto mdogo anazama kwenye maji yasiyofika hata magotini, na anazama kimya.

SEHEMU YA 6: "Sisi tumekunywa maji haya tangu zamani"

Hoja hii naisikia sana, na inasemwa na watu ninaowaheshimu, mabibi na mababu zetu. Maji yanatoka mlimani, ni baridi, ni meupe, hayana harufu. Bibi kanywa miaka 80.

Naijibu kwa adabu. Kwanza, bibi yupo kwa sababu alipona. Wadogo zake waliofariki kwa kuharisha wakiwa wachanga hawapo hapa kutoa ushahidi. Muulize bibi mwenyewe mama yake alizaa wangapi na walikua wangapi. Pili, mlima ni uleule lakini sisi tumeongezeka. Leo juu ya vyanzo kuna nyumba, kuna mabanda, kuna mashamba ya viazi na parachichi. Tatu, maji yanaweza kuwa safi pale yanapobubujika na yakachafuliwa kwenye dumu, kwenye ndoo isiyo na mfuniko, au kwenye mkono wa aliyechota.

Tusisahau pia mwaka 2015. Kipindupindu kilianza Dar es Salaam mwezi wa Agosti, kikasambaa karibu nchi nzima. Hakikuuliza nani anaishi bondeni na nani mlimani. Chanjo ya rota ambayo watoto wetu wanapata tangu 2013 inasaidia sana, msiiache, lakini inakinga kirusi kimoja tu. Kipindupindu, homa ya matumbo na amiba havimo kwenye chanjo hiyo.

Kuna mama ataniuliza, "Basi nipime hao bakteria wenyewe." Vipimo vipo. Kuna kichupa chenye dawa ambacho unatia maji, unakiacha siku moja hadi mbili, kikigeuka cheusi ni dalili ya uchafu wa kinyesi. Ni kizuri, shule au zahanati inaweza kukitumia. Ila kinahitaji joto. Kwa baridi ya kwetu ya mwezi wa Juni na Julai, ukikiacha dirishani kinaweza kubaki cheupe, ukafurahi bure. Na kikishakuwa cheusi ushauri ni uleule: tibu maji. Kwa hela ya mama mmoja, ni bora uanze na kutibu.

Kuna vitu pia havipimwi nyumbani, usidanganywe. Dawa za kunyunyizia mazao hazionekani kwa karatasi ya kuchovya. Floridi, ile inayowatia ndugu zetu wa Arusha na Kilimanjaro meno ya kahawia, haionekani kwa kipimo cha klorini wala kwa kalamu, na kuchemsha hakuiondoi. Hayo ni ya maabara. Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji, na ya kanda yetu ipo Mbeya.

SEHEMU YA 7: Kama hela haipo, na kama mko wengi

Mama ambaye hela ya kipimo haipo, usijisikie mnyonge. Chemsha. Maji yakishatokota kweli kweli kwa dakika moja, yale mapovu makubwa yanayojiviringisha, yametosha. Kwa mwinuko wetu maji yanatokota kabla ya kufika nyuzi 100, karibu 95, usiwe na wasiwasi, vijidudu vya kuharisha havivumilii. Yaache yapoe kwenye sufuria hiyohiyo na mfuniko wake, usiyahamishie kwenye ndoo ya kuchotea. Mchemko ukiuona kwa macho hauhitaji kalamu.

Mvua ikinyesha maji yakaja na rangi ya chai ya maziwa, yatulize kwanza, chuja kwa kitambaa safi, ndipo utie dawa au uchemshe. Maji ya tope yanakula dawa. Soma maelezo ya pakiti yako, kidonge kimoja ni cha lita ngapi, na yakiwa na ukungu uongeze kiasi gani. Usikadirie kwa macho. Baada ya kutia dawa, subiri nusu saa ndipo mtoto anywe. Na dawa ya kufulia yenye manukato haitibu maji ya kunywa, tusichanganye mambo.

Mtoto wa chini ya miezi sita maji ya kunywa hayamhusu kabisa. Yeye ni ziwa la mama tu, hata jua likiwaka.

Sasa wale wa vikoba, hili nalisema kwa msisitizo. Kipimo cha DPD kikiwa cha mtu mmoja kitakaa kabatini mpaka kiharibike. Kikiwa cha akina mama 10 au 15 wa kitongoji kimoja, kinafanya kazi. Changeni, nunueni kimoja, mteueni mmoja akitunze na daftari. Kila mwezi mpite nyumba kwa nyumba, mpime ndoo za kunywa na bomba la karibu, muandike tarehe, mahali na namba. Mtashangaa mtakachojifunza ndani ya miezi mitatu kuliko nesi akipiga kelele mwaka mzima.

Daftari hilo lina kazi nyingine pia. Miradi ya maji vijijini iko chini ya RUWASA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019, na kwenye ngazi yetu kuna vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii tunavyovilipa hela ya maji. Usimamizi wa vyanzo vyenyewe uko kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa, tena ofisi yake ipo hapohapo Tukuyu. Mkutano wa kijiji ukiitishwa, mama anayesimama na kusema "maji ni mabaya" atajibiwa "tumesikia." Mama anayesimama na daftari la miezi mitatu, bomba hili na bomba lile, klorini sifuri mara tisa kati ya kumi, huyo atajibiwa kwa hoja. Ulizeni kwa adabu maswali matatu: maji yetu yanatiwa dawa? Yalipimwa maabara lini mara ya mwisho? Majibu yake yamebandikwa wapi? Ni haki yetu kujua, tunalipia.

Mimi naamini kupima maji si jambo la mama mmoja kujifungia jikoni na kalamu yake. Usalama wa maji ya mtoto wako unategemea na choo cha jirani yako wa juu, na dumu la mtoto wa jirani yako wa chini. Tukipima pamoja tutarekebisha pamoja.

La mwisho, kipimo hakitibu mtu. Mtoto akiharisha, anza ORS mapema, endelea kumnyonyesha, na mlete kituoni apate na zinki. Ukiona macho yamedidimia, hawezi kunywa, amelegea au kinyesi kina damu, usipime chochote, usisubiri asubuhi, mlete.

Mtumie mwenzio mwenye kalamu kabatini. Na wewe uliye kwenye kikoba, Jumapili hii itoe hoja, mkubaliane mnachanga shilingi ngapi. Wiki ijayo tutaongea chupa na vikombe vya kulishia watoto, maana maji yanaweza kuwa safi na chupa ikayaharibu.